Kumwandaa farasi mchanga kwa western pleasure: polepole inayoanzia nyuma

Mwendo wa polepole unaosifiwa kwenye western pleasure, mashindano ya kuonyesha ubora wa mwendo wa farasi aliyepandwa, hautoki mkononi mwa mpandaji. Unatoka kwenye nyonga na miguu ya nyuma ya farasi, na kuujenga ni kazi ya miezi. Farasi aliyepunguzwa kasi kwa kuvutwa vigwe hajifichi: kichwa kimeshuka chini ya mabega, mgongo umekakamaa, miguu ya nyuma inaburuzwa, na lopu (shoti ya polepole, ya mapigo matatu) imevunjika ikawa mapigo manne. Hapa tunafuata mpangilio mwingine. Kwanza aende mbele, kisha anyooke, kisha ajifunze kubeba uzito wake nyuma. Kupunguza ni jambo la mwisho.

Waamuzi wanatafuta nini

Mchezo huu ni wa Marekani, na kanuni zinazofuatwa zaidi ni za AQHA, chama cha farasi aina ya Quarter Horse kilichoanzishwa Texas mwaka 1940. Farasi wote huingia uwanjani pamoja na kuzunguka ukingoni, upande mmoja kisha wa pili, kwa mwendo wa kutembea, jogi na lopu. Hakuna kuruka wala kukimbizana na saa. Mwamuzi anaangalia ubora wa mwendo, utulivu, na kama farasi anafanya yote hayo vigwe vikiwa vimelegea.

Waswahili wa pwani wana maneno ya siku nyingi kwa mwendo wa punda na farasi: telki, matiti, shoti. Jogi ni matiti yaliyopozwa: mapigo mawili, mguu wa mbele na wa nyuma wa mshazari vikitua pamoja. Lopu ni shoti iliyopozwa: mapigo matatu, kisha kitambo kidogo farasi akiwa hewani. Katika lopu ya kushoto mguu wa nyuma wa kulia hutua kwanza, halafu wa nyuma wa kushoto pamoja na wa mbele wa kulia, halafu wa mbele wa kushoto peke yake. Shika mpangilio huo kichwani, maana makosa mengi yatakayokusumbua yanaanzia hapo.

Kuhusu kichwa, kanuni inataka shingo iwe katika hali ya asili. Ncha ya sikio ikikaa muda mrefu chini ya kilele cha mabega ni kosa. Pua ikirudi nyuma ya mstari wima, ikaelekea kifuani, nalo ni kosa.

Kabla ya kupanda

AQHA huhesabu umri kuanzia Januari 1 ya mwaka wa kuzaliwa. Kwa hiyo farasi aliyezaliwa Mei huitwa wa miaka miwili akiwa na miezi 20 tu. Kuna mashindano yenye fedha nyingi kwa farasi wa miaka miwili na mitatu, na fedha hizo ndizo zinazowatia watu haraka. Mfupa wa mguu wa mbele juu ya goti humaliza kukua kati ya miezi 24 na 30, na pingili za mgongo huchelewa zaidi, hata baada ya miaka mitano. Kwa maoni yetu kazi ya ardhini, bila kumpanda, inaweza kuanza mapema, ila lopu chini ya mtu isubiri hadi daktari wa mifugo akague magoti, na ikiwezekana ayapige picha.

Mwite pia akague mdomo. Kati ya miaka miwili na nusu na minne na nusu farasi anabadili meno, na wengi huwa na vijino vidogo mbele ya magego ya juu, pale pale lijamu linapokaa. Farasi anayetupa kichwa kila akiguswa kigwe cha upande mmoja mara nyingi hana ubishi wowote, ni jino. Kwato zikatwe kila wiki sita hadi nane.

Uzito wa mpandaji pamoja na tandiko usizidi asilimia 20 ya uzito wa farasi. Farasi mchanga wa kilo 400 na tandiko la kilo 15 wanabakisha kilo 65 za mtu. Matandiko ya maonyesho yenye mapambo mengi ya madini ya fedha yana uzito mkubwa, kwa hiyo yaache kabatini hadi siku yake.

Vifaa vya mwanzo ni vichache: hatamu ya kamba isiyo na lijamu, kamba ya mita 8 hadi 10 ya kumzungushia, lijamu la snafeli lenye kiungo katikati, tandiko jepesi na kitambaa kinene cha chini yake. Snafeli ya maonyesho isiwe na kipenyo chini ya milimita 8, kikipimwa karibu na pete, na pete zenyewe ziwe kati ya sentimita 5 na 10. Nyembamba kuliko hapo inakata mdomo. Ikivishwa, pembe ya mdomo ipate kunjo moja. Makunjo mawili yanamaanisha mkanda wa shavu umefupishwa mno.

Wiki za ardhini

Tenga wiki mbili hadi tatu, dakika 20 kwa siku, kwenye zizi la mviringo lenye kipenyo cha mita 18 hivi. Mambo ni manne.

1. Kuachia shinikizo. Vuta kamba pole upande mmoja na ungoje. Akigeuza pua hata kidole kimoja, legeza papo hapo. Kinachomfundisha ni kule kulegeza. Ukichelewa sekunde mbili utakuwa umemfundisha jambo jingine.
2. Kusogeza nyonga. Simama usawa wa ubavu, gusa nyuma ya mahali ukanda wa tumbo unapopita, hadi mguu wa nyuma uvuke mbele ya mwenzake. Halafu upande wa pili, ambao karibu kila mara ni mgumu zaidi.
3. Sauti. Chagua ishara tatu na usizibadilishe: mlio wa ulimi kwa jogi, mlio wa busu kwa lopu, na neno moja la kusimama. Wamarekani husema “whoa”. Neno la kusimama litumike kwa kusimama tu. Anayelitumia pia kwa kupunguza mwendo hulipoteza.
4. Kurudi nyuma, hatua tatu au nne, kichwa kikiwa kimetulia.

Kumzungusha kwa kamba kusizidi dakika 10 kwa viungo vichanga, na badilisha upande mara kwa mara. Usimzungushe ili achoke. Utakachopata ni farasi mwenye pumzi ndefu na magoti yaliyovimba.

Tandiko livae kwa awamu. Kaza ukanda kiasi cha kutosha lisiteleze, mtembeze mzunguko mmoja, kaza tundu moja, mtembeze tena, halafu kaza mara ya mwisho. Wengi huvuta pumzi na kutanua kifua wakati wa kukazwa. Ukikaza yote kwa pupa, ama ataruka ukiwa juu, ama tandiko litazunguka akishatoa pumzi. Kati ya kitambaa na kilele cha mabega papite vidole viwili.

Mara thelathini za mwanzo: mbele

Hapa ndipo wengi huharibu. Wanajua western pleasure ni polepole, basi wanaanza kumzuia siku ya tatu. Usimzuie. Katika mara 30 za mwanzo za kumpanda, dakika 20 hadi 30, siku nne au tano kwa wiki, kazi ni kwenda mbele kwa moyo, kugeuka na kusimama. Mguu wako ukigusa, aende. Asipoenda gusa mara ya pili kwa nguvu zaidi, kisha acha. Mguu unaochokoa kila hatua humzoesha kutosikia.

Panda kwa mikono miwili, iwe imeachana kama upana wa nyonga zako. Siku ya kwanza kabisa mfundishe kusimama kwa kigwe kimoja: telezesha mkono chini hadi katikati ya kigwe, uulete kwenye goti lako, ungoje hadi nyonga ivuke na miguu isimame, kisha legeza. Ndiyo breki yako siku akishtuka.

Mwache apige matiti ya kawaida, makubwa, kwenye mistari mirefu. Ukiwa na njia ya nje ya uwanja, itumie. Farasi mchanga anayezunguka uwanja mmoja kila siku huchoka akili kabla ya mwili.

Kunyoosha na kulainisha

Akishaenda, tenganisha mwili wake katika sehemu tatu: bega, mbavu, nyonga. Lengo ni kuweza kusogeza kila moja bila kuvuruga nyingine.

Anza na duara la mita 20 kwa jogi. Kigwe cha ndani kionyeshe ukope tu wa jicho lake la ndani. Ukiona shavu zima umemkunja shingo na bega limetokea nje. Mguu wako wa ndani usukume mbavu nje, wa nje uzuie nyonga isichomoke. Punguza duara hadi mita 12, kisha lipanue tena kwa mguu wa ndani. Kule kupanuka ndiko kwenye faida, kwa kuwa mguu wa nyuma wa ndani unalazimika kupita chini ya tumbo.

Baada ya hapo, ukingoni kwa mwendo wa kutembea, weka mguu wako wa nje nyuma kama sentimita 10 na uombe nyonga iingie ndani hatua tatu. Nyoosha, mpongeze, rudia. Siku za mwanzo hatua tatu zinatosha. Akiinua kichwa na kukaza taya, umeomba nyingi.

Magogo ya chini husaidia sana, na farasi huyapenda. Yapange matatu au manne: sentimita 50 hadi 60 kwa kutembea, karibu mita 1 kwa jogi, mita 1.8 hadi 2.1 kwa lopu. Farasi anayegonga gogo kila mara kwa mguu ule ule wa nyuma anakuambia ni upande gani ulio dhaifu.

Kuingia lopu

Lopu nzuri huamuliwa kabla ya hatua yake ya kwanza. Tuchukue ya kushoto.

1. Tembea kwenye duara la mita 20, ukielekea kushoto. Usianzie kwenye jogi.
2. Hakikisha bega la kushoto halijaangukia ndani. Likianguka, inua kidogo mkono wa kushoto juu bila kuuvuta nyuma.
3. Peleka mguu wako wa kulia nyuma ya ukanda na uombe nyonga ije kushoto hatua mbili. Sasa mguu wake wa nyuma wa kulia umebeba uzito, nao ndio utakaoanza.
4. Piga mlio wa busu, bana mguu wa kulia, na dakika hiyo hiyo legeza mkono.
5. Akiingia, kaa kimya. Usiegemee mbele kutazama mguu gani unaotangulia. Ukiegemea unamzidishia uzito bega unalotaka liinuke. Isikie kwenye nyonga yako: ya upande wa kushoto itakuwa mbele kidogo.

Akikimbia matiti ya haraka badala ya lopu, usimfukuze mpaka adondokee kwenye lopu. Simamisha, rudi nyuma hatua tatu, panga nyonga upya, omba tena. Farasi aliyezoea kufukuzwa huingia lopu kichwa kikiwa juu maisha yake yote. Akiingia kwa mguu usio wake (wa mbele wa kulia ukitangulia kwenye duara la kushoto), mara tisa kwa kumi bega lilikuwa ndani na nyonga nje. Rudi kwenye hatua ya pili na usimpige. Na kama upande mmoja unashindikana wiki nzima, mwite daktari wa mifugo kabla hujabadili lijamu.

Kupunguza bila kuvuta

Sasa ana nguvu, amenyooka, anaingia lopu kwa utulivu. Huenda ni mwezi wa nne au wa sita. Piga lopu ya kawaida kwenye duara la mita 20, mizunguko miwili au mitatu. Halafu libane duara taratibu hadi mita 12. Kwenye duara dogo atatafuta mwenyewe namna ya kujikusanya, mgongo unainuka chini ya tandiko, hatua inafupika kidogo. Ukisikia hivyo, shusha mikono kwenye shingo na usifanye chochote. Hatua tatu hadi tano nzuri zinatosha. Simama, mwache apumue. Wiki ijayo omba kumi, kisha nusu duara, kisha duara zima, ndipo umpeleke ukingoni.

Zoezi la pili ni la mabadiliko: lopu hatua nane, kutembea, rudi nyuma hatua nne, lopu tena. Mara sita kila upande, basi. Kurudi nyuma kunamkalisha kwenye nyonga, na lopu inayofuata huanzia huko huko.

Jifunze kusikiliza kwato. Lopu yenye afya inasema pa-ra-pam, kimya, pa-ra-pam, kimya. Iliyovunjika inasema taka-taka, taka-taka, bila pumziko, kwa kuwa ule mguu wa mbele na wa nyuma wa mshazari hautui tena pamoja. Sikio likikudanganya, mwombe mtu akurekodi kwa simu kwa mwendo wa taratibu na utazame jozi hiyo tu. Dawa ya mapigo manne haibadiliki: mpeleke mbele. Umempunguza kuliko nguvu zake zinavyoruhusu. Ongeza mwendo hadi pa-ra-pam irudi, kaa hapo siku kadhaa, kisha jaribu kupunguza kidogo.

Kosa jingine ni farasi anayekwenda upande kama kaa, nyonga ikiwa ndani ukingo mzima. Linatokana na zoezi la nyonga ndani lililopendwa kupita kiasi: linaficha udhaifu, farasi anaonekana polepole kumbe hajibebi. Likianza, mpeleke bega mbele ya nyonga, kama vile unamwingiza bega ndani, na upige lopu nyingi za mstari mnyoofu katikati ya uwanja ambako hakuna ukingo wa kuegemea.

Wapo wanaomfundisha farasi apunguze anapobanwa na vyuma vya visigino. Inafanya kazi, na farasi wengi wamepandwa hivyo. Kwa farasi mchanga hatuipendekezi: mguu uliokuwa ukisema “nenda” sasa unasema “simama”, na siku utakapohitaji kumtoa kwenye mapigo manne huna tena cha kumsukumia. Na kumfunga kichwa juu zizini usiku kucha ili shingo ichoke na ishuke kesho yake ni ukatili. Kanuni za AQHA zinakataza unyanyasaji, hata nje ya uwanja.

Shingo yenyewe itashuka mgongo ukiinuka. Akishusha kichwa mno, gusa mguu na uinue mkono kidogo. Ukimwacha azoee, kila mtu atamwona ila wewe uliye juu.

Kumzoesha zogo

Farasi anayekwenda vizuri peke yake bado hajaona farasi kumi na tano wakimpita kwa ndani na kwa nje. Anza na farasi mmoja wa rafiki: apite kushoto, apite kulia, akae nyuma karibu kwa mzunguko mzima. Ongeza hadi watano. Mpeleke kwenye viwanja vigeni mara tatu au nne bila kumwandikisha. Atembee, aangalie mabango, asikie kipaza sauti, arudi nyumbani. Saisi au msaidizi anayemshika nje ya uwanja awe yule anayemjua.

Siku yenyewe

Fika siku moja kabla. Asubuhi mzungushe kwa kamba dakika 10, mpande dakika 30 hadi 40, kisha apumzike hadi kundi lake la mashindano liitwe. Wanaompanda kwa muda wa saa tatu ili atulie humwingiza akiwa hana mguu wa nyuma, na lopu inavunjika upande wa pili, mbele ya mwamuzi.

Farasi wa miaka mitano kushuka chini anaruhusiwa snafeli au bosali (mkanda mgumu wa puani usio na lijamu) kwa mikono miwili. Uwanjani kaa mita moja na nusu hivi ndani ya ukingo ili uwe na pa kutokea. Ukiona mwenzako amepunguza mbele yako, mpite mapema kwa ndani kwenye mstari mrefu, kabla ya kona. Kumvuta farasi wako nyuma ya mkia wa mwingine ndiko kunakomtoa kwenye mdundo. Kugeuka upande wa pili hufanywa kuelekea ndani ya uwanja, kwa kutembea au kwa jogi, kamwe si kwa lopu. Mwamuzi anaweza kuomba jogi iliyoongezwa mwendo, na hapo ndipo kazi ya zile mara thelathini inapolipa, maana farasi aliyezuiwa tangu utotoni hana cha kuongeza. Mwisho mtapangwa mstari, mtaombwa kurudi nyuma. Inua mkono kidogo, bana miguu, hatua nne, simama, shusha mkono.

Akikosea uwanjani usimrekebishe kwa hasira. Akiingia lopu ya mguu usio wake, mrudishe jogi hatua mbili, panga nyonga, omba tena. Umepoteza nafasi siku hiyo, ila hujamfundisha kwamba uwanja una adhabu.

Kuelekea mkono mmoja

Kuanzia miaka sita kwa kawaida atapandwa kwa lijamu la wenzo, lenye mikono (vyuma vya pembeni vinavyofungwa vigwe) na mkanda wa kidevu, na kwa mkono mmoja, kwa hiyo anza kumzoesha akiwa na minne au mitano. Chagua lenye mikono mifupi, na wiki tatu za kwanza mpande bado kwa mikono miwili, kutembea na jogi tu. Mkanda wa kidevu ulale bapa na upitishe vidole viwili. Ukivuta kigwe, mkono wa lijamu uzunguke nyuzi 45 hivi ndipo mkanda uguse. Ukigusa mapema, farasi hapati onyo kabla ya shinikizo, na atarudisha pua kifuani ndani ya siku mbili. Hilo likitokea, rudi kwenye snafeli mwezi mmoja na umpigishe lopu kubwa.